Foronya ya Mfarishi, na Sababu ya Kubeba Kitanda Miguu Juu

Kitanda hubebwa miguu juu. Vijana wa cherehani, nimelitanguliza hili kwa sababu mengine yote mnaweza kujifunza kwa kukosea bila kuwasumbua majirani. Niliacha kazi mwezi uliopita, macho yakiwa hayaoni tena tundu la sindano, na mmeniomba nieleze ninachokijua kuhusu matandiko. Ninachokijua si kingi, lakini kimepangwa.

Nilianza kwenye baraza la duka la Karsan, Kinondoni, wakati upande ule ulikuwa minazi zaidi kuliko nyumba. Karsan aliuza nguo ndani. Nje kwenye baraza alikaa Fundi Mbwana na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya mkono. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa kanzu safi nikidhani nitapewa sindano. Fundi Mbwana aliniambia nilale juu ya meza ya kukatia.

"Nilale?"

"Lala, mwanangu. Unataka kushona nguo za kulalia na hujui kulala?"

Nikalala mbele ya wapita njia. Akanifumba macho kwa kitambaa, akawa ananitupia vipande vya nguo usoni, kimoja kimoja, akiniuliza hiki nini. Marekani niliijua, maana inakwaruza. Bafta niliita poplini. Satini niliita samaki. Hilo la mwisho alilipenda, akasema ndilo jibu pekee la maana nililolitoa siku ile, kwa kuwa satini huteleza kitandani kama samaki na asubuhi utaikuta sakafuni.

Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza peke yangu kwa maandishi yaliyopigwa chapa kwenye majora. Neno la kwanza nililolisoma lilikuwa la Kiingereza, maana yake "haichuji", nalo lilikuwa uongo. Tangu hapo niliweka daftari. Kila nguo mpya iliyoingia dukani nilikata ukanda wa vidole viwili, nikaubandika, na chini yake nikaandika ilivyokuwa baada ya kufuliwa mara moja, mara tano, mara kumi. Wenzangu walinicheka. Fundi Mbwana hakunicheka, ila aliniuliza kama nafua mimi au mke wangu, na niliposema mke wangu akasema basi daftari ni lake.

Sasa, foronya ya mfarishi, yaani mfuko wa nguo unaovikwa mfarishi kama foronya inavyovikwa mto. Mfarishi mnaujua: nguo mbili zilizoshonwa pamoja na kujazwa sufi ya mti wa msufi, kisha zikapigwa mishono ya kukatiza ili sufi isijikusanye pembeni. Dar es Salaam ina joto, na mtu mwenye akili anaweza kuuliza nani anajifunika mfarishi. Jibu ni kwamba wateja wengi hawajifuniki. Wanautandika uonekane. Kwa hiyo mwenye kuchagua foronya yake achague vitu viwili kwa pamoja: kitu cha kutazamwa mchana na kitu cha kufuliwa Jumamosi. Wengi huchagua kimoja wakasahau kingine.

Nyeupe huonyesha kunguni. Watu hudhani hilo ni aibu yake. Mimi nasema ndiyo sifa yake. Nguo ya rangi nzito huficha uchafu, lakini na kunguni humficha, na huwezi kumwua usiyemwona. Loweka nguo siku nzima kabla ya kukata, la sivyo itarudi ndani baada ya ufuaji wa kwanza na mfarishi utakaa humo kama mtu mnene ndani ya shati la mdogo wake. Mdomo wa foronya uwe upande wa miguu, usiwe wa kichwani. Usitie vifungo, maana vidole vya miguu huvitafuta. Tia kamba za nguo ile ile. Na ndani, kwenye pembe nne, shona kamba fupi za kuufunga mfarishi usizunguke.

Niliwahi kuletewa kesi ngumu. Mwanamke mmoja muuza samaki wa Kunduchi alitaka foronya isiyoshika harufu. Nilimshonea tatu, za nguo tatu mbalimbali, akalalia kila moja wiki moja. Alirudi akaniambia zote zinanuka sawa, ila ya drili inanuka kwa heshima. Akanunua ya drili. Mke wa ofisa mmoja Mwingereza wa upande wa bahari alitaka foronya, pazia, kitambaa cha meza na vifuniko vya viti vyote vitokane na jora moja la maua. Nilimshonea. Baada ya siku chache mtumishi wake akaja kuniambia kwamba bwana mkubwa amekaa mahali pasipo na kiti, akidhani pazia ni kiti.

Lakini mlichoniomba hasa ni kisa cha Tatu, ambacho wengi wenu mmekisikia kutoka kwa watu ambao hawakuwapo.

Tatu alikuwa binti wa Bi Mwajuma, mwenyeji wa hapo Kinondoni, aliyekuwa akikaanga maandazi karibu na baraza letu. Binti alikuwa ameposwa mara mbili, na mara zote mbili watu wa mume walirudi nyuma siku chache kabla ya ndoa, mara ya kwanza kwa sababu ya ndoto ya bibi yao, na mara ya pili bila sababu, jambo lililokuwa baya zaidi. Sasa alikuwa ameposwa na Saidi, karani wa stoo, kijana mtulivu wa kutoka Songea. Saidi alilelewa na shangazi yake, Bi Zainabu, na neno la Bi Zainabu kwake lilikuwa amri. Bi Zainabu alisafiri siku nyingi juu ya lori la mizigo kuja kushuhudia ndoa, na siku aliyofika, kabla hata ya kunawa uso, aliuliza kitanda cha bibi harusi kiko wapi. Kwao ni baridi. Kitanda kisicho na kitu kizito juu yake kwao ni kitanda cha mtu aliyekosa ndugu.

Bi Mwajuma alikuja barazani na unga mikononi.

"Fundi, mwanangu, nataka mfarishi. Na foronya yake. Nzuri, ya kumziba mtu mdomo."

"Kwa joto hili, mama?"

"Joto nalijua, nimezaliwa nalo. Huyu wa tatu naye akirudi nyuma, nitaingia mie humo ndani ya foronya, unishone, ufunge kamba."

Nikachagua bafta nyeupe, nzuri kuliko zote dukani. Nilikuwa na sababu zangu na zote zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari: haikwaruzi, haichuji, inaonyesha kunguni, inastahimili jua. Nilishona kwa siku mbili. Kitanda chenyewe kilikuwa kikitengenezwa na Liganga, seremala wa Kimakonde aliyekuwa na karakana nyuma ya duka, mtu wa maneno machache na Mkristo. Kilikamilika siku ile ile ya ndoa, asubuhi. Ndoa ilikuwa baada ya alasiri. Bi Zainabu alikuwa amesema atakikagua kitanda adhuhuri.

Hapo ndipo nilipokosea. Nyumba ya Bi Mwajuma haikuwa mbali, na barabara ilikuwa na vumbi. Niliona kwamba tukikibeba kitanda miguu juu kama watu wote, mfarishi itabidi ubebwe peke yake na utachafuka. Basi tuliutandika kabisa pale pale karakanani, nikaukunja kidogo pande mbili ili usiburuzike, ukawa mrefu na mwembamba, nikaufunga kamba za bafta kwenye kitanda usianguke: moja juu, moja katikati, moja chini. Mimi na Liganga, na watu wawili tuliowaomba, tukakiinua kitanda mabegani, miguu ikielekea chini, tukatoka barabarani.

Hatukuwa tumefika nyumba ya tano. Mzee aliyekuwa akinyolewa nje alisimama na povu shavuni, akavua kofia ya jua, akaja akaniondoa begani taratibu, akachukua nafasi yangu. Nikadhani ni wema tu. Kisha watu wa kahawa wakainuka wote. Mnajua desturi: maiti ya Mwislamu ikipita, unaipokea, hata kama humjui, walau hatua saba, kwa thawabu. Ndani ya muda mfupi nilikuwa nyuma ya watu ishirini, kitanda kiko mbele, na shahada imeanza.

Nilikimbia nikamshika kanzu mtu wa mwisho.

"Jamani, hii si maiti!"

"Pole, ndugu yangu," akanijibu. "Hata sie tulipofiwa na baba tulisema hivyo hivyo."

"Nasema hiki ni kitanda!"

"Tunaona. Kumbe jeneza la msikiti limetoka? Hakuna neno, kitanda kinafaa."

Liganga alikuwa bado mbele, amebanwa begani, hawezi kutoka. Hakujua shahada, kwa hiyo alikuwa kimya, na watu waliuona ukimya wake wakajua huyu ndiye mfiwa mwenyewe. Niliposogea karibu nilisikia mtu akimliwaza.

"Umekaa naye siku nyingi?"

"Wiki tatu," akasema Liganga, akifikiri anaulizwa kazi.

"Kilichomsumbua nini?"

"Mguu. Mguu wa kushoto. Nimeukata mara mbili."

"Hospitalini?"

"Hapana. Pale nyuma ya duka. Kwa msumeno."

Yule mtu akamwachia mwenzake nafasi haraka.

Maiti huendeshwa upesi, na hii ilikuwa inakimbia kwa sababu haikuwa na uzito. Hilo nalo likawa jambo. Mmoja alisema, "Mbona mwepesi hivi?" Mwingine akasema, "Mtu mwema huwa mwepesi, hamjui?" Mimi, nikiwa nahema, nikapaza sauti nikasema kweli tupu, kwamba ndani humo mna sufi tu.

Ningenyamaza. Yule mwenye povu shavuni aligeuka akauliza, "Alikuwa sufii?" na kabla sijajibu neno lilikuwa limefika mbele. Sufii! Mcha Mungu aliyeiacha dunia, hapa hapa Kinondoni, na sie hatukumjua! Watu wakatoka majumbani. Mwenye duka la mafuta ya taa alifunga duka. Mwanamke mmoja alimwinua mwanawe ili auguse ukingo wa foronya yangu. Nilipopita mbele ya nyumba ya Bi Mwajuma nilimwona mlangoni, amesimama na mwiko. Aliona kitanda cha bintiye kikipita mbio na watu sitini, hakikusimama.

Makaburini mwalimu wa msikiti alikuwapo, amemaliza maziko mengine. Aliona watu wale, akauliza kwa upole.

"Mmemsalia wapi?"

Hakuna aliyejua. Kila mmoja alidhani ni yule wa mbele yake.

"Kaburi lake lipi?"

Hakuna aliyejua.

"Basi ni mwanamume au mwanamke?"

Nikapita katikati ya watu, nikavua kofia, nikasema, "Mwalimu, ni mfarishi."

Akainama akaubonyeza kwa kidole, na kidole kikazama mpaka kiganjani. Akaufungua ule ufungo wa juu, akachungulia, akapiga chafya. Sufi kidogo ikapanda hewani, watu wa mbele nao wakapiga chafya, na hapo wakajua.

Mzee mwenye povu lililokauka ndiye aliyesema kwanza. "Nia ndiyo inayohesabiwa. Mie thawabu yangu nimeshaipata, siirudishi." Akaondoka. Wengine walifuata, wengine wakicheka mpaka wakakaa chini, wengine wakinitukana kwa sauti ndogo kwa sababu ya mahali. Walikuja sitini, wa kukirudisha kitanda tulikuwa mimi na Liganga. Tulikigeuza miguu juu.

Habari zilitutangulia. Bi Zainabu alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini kwa Bi Mwajuma, amefunga mtandio kichwani kwa safari, kifurushi chake kipo pembeni. Saidi amesimama nyuma yake, ametoa macho kama mtu aliyesahau alichotumwa. Tatu alikuwa chumbani na somo wake, mwanamke wa kumfunda.

"Bwana fundi," akasema Bi Zainabu, "kitanda hicho kimetoka wapi?"

"Makaburini, mama."

"Mwanangu hatalala kwenye kitanda kilichokwenda kaburini kikarudi. Kinachorudi kutoka huko hakirudi peke yake."

"Shangazi, lakini hakukuwa na maiti," akasema Saidi.

"Wewe nyamaza. Ndiyo mbaya zaidi. Kimekwenda kuchukua."

Bi Mwajuma hakulia. Alinishika mkono akanitoa nje, akasema, "Adhuhuri imepita. Mpaka alasiri uwe umenifanyia kitu. Sijui kitu gani. Wewe ndiye msomi."

Nilikimbia barazani. Fundi Mbwana wakati huo alikuwa mzee, haoni vizuri, lakini alikuja kila siku kukaa. Alishakisikia kisa chote kutoka kwa wapita njia na tayari alikuwa na maoni.

"Ulimvika sanda, na fungo tatu juu. Ningekuwa na nguvu ningekupokea na mie."

"Fundi, nichague ipi sasa? Ifanye kitanda kiwe kitanda kingine."

Tukaanza kuondoa. Nyeupe, hapana. Kaniki ni ya msiba, hapana. Kijani hapana, maana ndiyo nguo ya kufunika jeneza. Khaki itasema tumemletea askari. Nyekundu nzito ilichuja kwenye ufuaji wa kwanza, daftari langu lasema hivyo, na asubuhi ya baada ya harusi nguo yenye kuchuja wekundu italeta maneno ya aina nyingine. Rafu ilibaki na jora moja tu ambalo Karsan alilipata kwa makosa na hakuna aliyelinunua: chiti ya manjano yenye majogoo ya buluu, kila mmoja ukubwa wa sahani, wameinua shingo wanawika.

"Majogoo," nikasema.

"Niwekee shavuni," akasema Fundi Mbwana. Nikamwekea. Akafumba macho. "Laini. Imefumwa vizuri. Tena nakuambia, tangu nizaliwe sijasikia mtu aliyezikwa na majogoo."

Nikachukua jora, mkasi na cherehani ya mkono, nikaenda kushonea chumbani kwa Tatu, kwa kuwa sikuwa na muda wa kwenda na kurudi. Sikuiloweka nguo. Ni mara pekee katika maisha yangu ya kazi, na naiandika hapa ili mjue. Tatu mwenyewe, amejifunika kanga mpaka machoni, alinishikia ncha ya nguo. Alisema jambo moja tu: "Kaka, majogoo wote watazame upande mmoja." Alisema kweli. Mmoja nilikuwa nimemgeuza kichwa chini.

Nilipomaliza, Bi Zainabu aliitwa. Alizunguka kitanda. Alivuta kamba za pembeni. Alikunja ukingo akatazama mshono kwa ndani, jambo ambalo wateja wengi hawafanyi, na nikamheshimu kwa hilo.

"Nguo ni nyingine," akasema. "Ndani je?"

Ningeweza kusema uongo. Nilimwambia ndani ni mfarishi ule ule.

Bi Mwajuma alifumba macho.

"Basi nitakijaribu mwenyewe," akasema Bi Zainabu. "Kama kuna kilichokuja nacho, kianze na mie. Mie nimeshakula chumvi nyingi." Akavua viatu, akapanda, akalala chali katikati ya majogoo, akajifunika mfarishi mpaka kidevuni kwa joto lile la alasiri, akafumba macho. Tukasubiri atoe hukumu. Baada ya muda kidogo akaanza kukoroma.

Kumbukeni alikuwa amekaa juu ya magunia ya lori kwa siku nyingi, na tangu afike alikuwa amelala kwenye mkeka. Somo wa Tatu alimwita mara mbili kwa sauti ya chini. Saidi alisema yeye hamwamshi, hajawahi kumwamsha tangu azaliwe. Watu wa ndoa wakaanza kufika. Mwalimu akaja, yule yule, akanitazama akakaa mbali nami. Alipouliza kama upande wa bwana harusi una neno la kusema kabla hajafungisha ndoa, upande wa bwana harusi ulikuwa umelala chumbani. Saidi akajibu hauna. Ndoa ikafungwa. Pilau ikaliwa kwa kunong'ona.

Cherehani yangu ilibaki chumbani kwa sababu hakuna aliyethubutu kuingia kuitoa. Asubuhi nilikwenda kuichukua. Nikamkuta Bi Mwajuma ukumbini anatazama mlango wa chumba, na Saidi na Tatu wamekaa kwenye mkeka uliokuwa wa shangazi, wamevaa nguo za jana, wamechoka, kila mmoja anatazama upande wake kwa haya. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Sote tulijua tunangoja kuona kama ataamka.

Mlango ukafunguka. Bi Zainabu alitoka na alama ya kamba ya foronya shavuni. Alitutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

"Nani aliyesema kile ni kitanda cha maiti?" akauliza. "Nimelala, na nimeamka."

Hakuna aliyemkumbusha kwamba ni yeye. Tatu alipiga magoti kwenye mkeka akasema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkamwana," akasema Bi Zainabu. "Nendeni mkalale."